Usalama wa Upasuaji wa Mfuko wa Nyongo kwa Msaada wa Roboti: Mtazamo wa Kihistoria, 1882–2023

1. Utangulizi

Kuondoa mfuko wa nyongo ni miongoni mwa upasuaji unaofanywa mara nyingi zaidi duniani, na kwa sehemu kubwa hufanywa kwa sababu ya mawe, si kwa sababu ya saratani. Jambo hili ndilo linaloupa mjadala wa usalama uzito wake. Mgonjwa huingia chumba cha upasuaji akiwa na maradhi yanayotibika. Iwapo mrija mkuu unaopeleka nyongo kutoka kwenye ini hadi utumbo mdogo utakatwa kimakosa, anaweza kutoka na maradhi makubwa kuliko yale aliyoingia nayo: nyongo kuvuja tumboni, maambukizi ya mirija yanayojirudia, upasuaji mwingine wa kuunganisha mrija na utumbo, na pengine ini kuharibika kwa makovu.

Makala haya yanafuatilia namna hatari hiyo ilivyoshughulikiwa tangu upasuaji wa mkato mkubwa, kupitia upasuaji wa matundu madogo, hadi upasuaji wa kutumia roboti. Hoja inayotetewa ni kwamba hatari kuu ya upasuaji huu imekuwa katika utambuzi wa maumbile ya ndani kuliko katika wepesi wa mkono. Zana mpya zimesifiwa kwa namna zinavyousaidia mkono au zinavyompunguzia mgonjwa maumivu, ilhali athari yake kwa mrija mkuu imepimwa baada ya zana hizo kuenea.

2. Kutoka mkato mkubwa hadi matundu madogo

Kabla ya mwaka 1882, madaktari waliothubutu kuugusa mfuko wa nyongo waliufungua tu na kutoa mawe, kama alivyofanya John Bobbs mjini Indianapolis mwaka 1867. Tarehe 15 Julai 1882, Carl Langenbuch wa Hospitali ya Lazarus mjini Berlin aliuondoa mfuko mzima wa mwanamume mwenye umri wa miaka 43. Hoja yake ilikuwa kwamba mawe yatarudi endapo mfuko unaoyatengeneza utaachwa mahali pake. Langenbuch alikuwa ameifanyia mbinu hiyo mazoezi kwa miaka kadhaa juu ya maiti kabla ya kumpasua mgonjwa aliye hai.

Kwa takribani karne moja, mbinu hiyo ilibaki kuwa kipimo cha mbinu nyingine. Mkato ulikuwa mrefu na kupona kulichukua muda, lakini mpasuaji aliona kwa macho yake mwenyewe na kupapasa kwa vidole vyake. Tarehe 12 Septemba 1985, Erich Mühe aliuondoa mfuko wa nyongo kwa darubini ya tumboni katika mji wa Böblingen, Ujerumani. Alipowasilisha kazi yake mbele ya wapasuaji wenzake mwaka 1986, ilipokewa kwa mashaka. Mwaka 1987 Philippe Mouret alifanya upasuaji wa aina hiyo mjini Lyon, na baada yake François Dubois wa Paris na Jacques Perissat wa Bordeaux wakaieneza mbinu hiyo. Kufikia mwaka 1988 ilikuwa imeingia Marekani. Wagonjwa walipata makovu madogo, maumivu yalipungua, na wengi waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema. Hivyo, mbinu ilienea kwa kasi kabla ya kuwapo utaratibu wa pamoja wa kuwafunza wapasuaji.

3. Gharama ya kujifunza

Athari za kasi hiyo zilionekana mapema. Mwaka 1991, kikundi cha wapasuaji wa kusini mwa Marekani kilichapisha taarifa ya wagonjwa 1,518 waliofanyiwa upasuaji wa matundu madogo. Majeraha ya mirija ya nyongo yalikuwa 7, yaani takribani asilimia 0.5. Hata hivyo, wastani huo ulificha tofauti kubwa: katika wagonjwa 13 wa kwanza wa kila timu ya wapasuaji, kiwango kilikuwa asilimia 2.2, kwa waliofuata, kilishuka hadi asilimia 0.1. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya gharama ya kujifunza ililipwa na wagonjwa wa mwanzo, ambao hawakuwa na njia ya kujua nafasi yao katika foleni hiyo.

Mwaka 1992, Idara ya Afya ya Jimbo la New York ilitoa mwongozo uliomtaka mpasuaji afanye angalau upasuaji 15 chini ya usimamizi kabla ya kuachiwa kufanya peke yake. Septemba mwaka huohuo, mkutano wa maafikiano ulioitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani uliikubali mbinu hiyo kuwa salama kwa wagonjwa wengi, huku ukisisitiza kwamba matokeo hutegemea mafunzo, uzoefu na busara ya mpasuaji.

Swali lililobaki lilihusu chanzo cha kosa lenyewe. Mwaka 1995, Steven Strasberg na wenzake walieleza masharti matatu ya kutimizwa kabla ya kukata chochote: pembetatu iliyo kati ya mfuko, ini na mrija isafishwe mafuta na nyuzinyuzi, sehemu ya chini ya mfuko itenganishwe na ini, na vitu viwili tu, yaani mrija wa mfuko na mshipa wake wa damu, vionekane vikiingia kwenye mfuko. Mwaka 2003, Lawrence Way na wenzake walichambua majeraha 252 na kubaini kwamba katika asilimia 97 chanzo cha msingi kilikuwa udanganyifu wa macho. Mpasuaji aliuona mrija mkuu akaamini kuwa ni mrija wa mfuko, kisha akaukata kwa ustadi. Upungufu wa ufundi wa mkono ulikuwa chanzo katika asilimia 3 tu.

4. Ujio wa roboti

Matokeo ya Way ni muhimu katika kuitathmini roboti. Roboti iliyoingia vyumba vya upasuaji haikuwa mashine inayojiamulia. Mpasuaji huketi kwenye meza ya kuendeshea, hutazama picha yenye kina iliyokuzwa, na mikono ya mashine hufuata mwendo wa vidole vyake. Mashine huchuja mtetemo wa mkono, na ncha za vifaa hujipinda kama kifundo cha mkono. Hata hivyo, katika mifumo iliyoenea katika miongo ya mwanzo, mpasuaji hakuhisi ugumu au ulaini wa tishu aliyoishika.

Upasuaji wa mfuko wa nyongo ulikuwa uwanja wa majaribio tangu mwanzo. Mwezi Machi 1997, Jacques Himpens na Guy-Bernard Cadière waliufanya kwa roboti nchini Ubelgiji. Mwezi Julai 2000, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu mfumo wa da Vinci kutumika katika upasuaji wa jumla. Tarehe 7 Septemba 2001, Jacques Marescaux akiwa New York aliondoa mfuko wa nyongo wa mwanamke mwenye umri wa miaka 68 aliyelazwa Strasbourg, Ufaransa, kwa kutumia roboti ya ZEUS. Kazi hiyo ilichukua dakika 54 na mgonjwa alipona. Ilithibitisha kwamba upasuaji wa mbali unawezekana, lakini mgonjwa mmoja hawezi kuthibitisha usalama kuhusu jeraha linalotokea mara chache katika kila wagonjwa 1,000.

5. Ushahidi wa mwaka 2023

Ushahidi wa kiwango kikubwa ulipatikana baadaye. Mwaka 2023, Stanley Kalata na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 1,026,088 wa bima ya umma ya Medicare nchini Marekani, wenye umri wa miaka 66 na zaidi, waliopasuliwa kati ya 2010 na 2019. Katika kipindi hicho, waliopasuliwa kwa roboti waliongezeka kutoka 211 kwa mwaka hadi 6,507. Jeraha la mrija lililohitaji upasuaji wa kuunda upya ndani ya mwaka mmoja lilitokea kwa asilimia 0.7 ya waliopasuliwa kwa roboti, ikilinganishwa na asilimia 0.2 ya waliopasuliwa kwa matundu madogo bila roboti. Wakati huohuo, jumla ya matatizo baada ya upasuaji ilikaribiana: asilimia 9.3 na 9.6.

Takwimu hizi mbili zisomwe pamoja. Msomaji anayetazama jumla ya matatizo atahitimisha kwamba mbinu hizi ziko sawa. Anayetazama jeraha la mrija ataona wagonjwa 7 katika kila 1,000 badala ya 2. Hao watano wa ziada hawaonekani katika jumla, kwa sababu jumla huhesabu pamoja matatizo mepesi na ulemavu wa maisha.

Inaweza kudaiwa kwamba roboti ilipewa wagonjwa wagumu zaidi. Dai hilo lina uzito, kwa kuwa data za bima hazionyeshi mpasuaji aliona nini kabla ya kukata. Hata hivyo, watafiti walitumia pia mbinu ya kitakwimu inayopunguza athari ya uteuzi wa wagonjwa, na tofauti ilibaki. Maelezo mengine ni kwamba wapasuaji walikuwa bado wanajifunza, kama mwaka 1991. Hata yakikubaliwa, maelezo haya hayaondoi tatizo. Wakati huo, mgonjwa aliyebeba hatari ya kujifunza aliepushwa na mkato mkubwa. Mgonjwa wa roboti analinganishwa na mwenzake ambaye tayari anapasuliwa kwa matundu madogo na kurudi nyumbani mapema. Faida anayoongezewa ni ndogo, hivyo hatari anayoweza kutakiwa kuibeba kwa haki nayo ni ndogo. Aidha, kwa kuwa upasuaji huu ni wa kawaida, wapasuaji wengi huutumia kama ngazi ya kujifunzia roboti kabla ya kazi ngumu zaidi. Katika hali hiyo, mgonjwa wa mawe ya nyongo hubeba hatari ambayo faida yake humfikia mgonjwa mwingine.

6. Hitimisho

Historia hii haituongozi kuikataa roboti. Upasuaji wa matundu madogo nao ulianza kwa majeraha mengi kabla ya kuwa mbinu ya kawaida. Inachofundisha ni kwamba usalama wa upasuaji huu upimwe kwanza kwa jeraha la mrija mkuu, na kwa ufuatiliaji wa mwaka mzima, kwa kuwa baadhi ya majeraha hujitokeza baada ya mgonjwa kurudi nyumbani. Masharti matatu ya Strasberg yanapaswa kuthibitishwa na kuwekwa kwenye kumbukumbu kabla ya kukata, chombo chochote kitumikacho, maana picha iliyokuzwa haimzuii anayeitazama kuufananisha mrija mmoja na mwingine. Mwisho, hospitali inayoanza kutumia roboti inawajibika kumweleza mgonjwa kwamba timu yake ingali inajifunza, na kuhakikisha kwamba sehemu kubwa ya kujifunza huko imefanyika nje ya mwili wa mgonjwa, kama Langenbuch alivyoanza na maiti.