Mbio za Magari Juu ya Boksi

Mwishoni mwa miaka ya sitini sisi watoto wa Mpanda hatukupata kuliona gari la mashindano kwa macho yetu. Mji wetu, ambao wakati huo ulikuwa katika Mkoa wa Tabora (Rukwa ilikuja 1974, na Katavi 2012), ulikuwa mwisho wa reli. Reli yenyewe ililetwa kutoka Kaliua kwa ajili ya mgodi wa risasi. Mgodi ulipofungwa tukabaki na treni, vumbi na masika. Hata hivyo kila Pasaka tulishindana kwa magari chini ya mwembe, juu ya boksi la sabuni lililokunjuliwa.

Redio ndiyo iliyotutia wazimu huo. Mashindano ya Safari yalianza 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yake yalikuwa ya kawaida, kama yauzwayo dukani, na hapo mwanzo hata madaraja yalipangwa kwa bei ya gari. Vic Preston alishinda 1954 kwa Volkswagen, gari ambalo hata padri angeweza kuwa nalo. Joginder Singh, Kalasinga wa Kenya, alishinda 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika. Na Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, alituletea sifa 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Wamarekani nao walianza hivyo hivyo. Katika mbio za kwanza za NASCAR za magari ya dukani, huko Charlotte mwezi Juni 1949, aliyetangulia alinyang'anywa ushindi kwa kuwa springi za gari lake zilikuwa zimeimarishwa, akapewa Jim Roper.

Mchezo wetu ulizaliwa na ludo, ambayo nayo ni mtoto wa pachisi ya Wahindi. Waingereza waliisajili kwao 1896. Ludo ina kasoro moja kubwa: dadu ndiyo inayotawala. Sisi tuliinyosha njia yake ikawa barabara, na kila mmoja akawa na kizibo chake cha soda. Kabla ya kurusha dadu ulipaswa kutangaza: polepole au mbio. Ukisema mbio, ulisogea mara mbili ya ulichopata. Lakini ikitoka moja, springi imekatika, unakosa zamu mbili. Basi utamu wote ulikuwa pale, dadu ingali mkononi, wenzio wamekukodolea macho, na neno bado hujalisema.

Ukubwani niliuona mchezo uitwao Daytona 500, wa Wolfgang Kramer, uliotolewa na kampuni ya Milton Bradley mwaka 1990. Huo hutumia karata, na karata moja aghalabu husogeza gari lako pamoja na ya wapinzani wako, hata ukawa unamsukuma mbele mtu unayetaka kumshinda. Ni akili kubwa. Ila barabara yake ni laini mno kwa mtu wa Mpanda.

Kwetu kulikuwa na nyumba moja iliyoitwa Koga, kwa jina la mto ulio kwenye barabara ya Tabora. Ukiangukia hapo unakaa mpaka upate sita.

Masika ya 1968 yalikuwa makali. Katika Safari ya mwaka huo magari 7 tu ndiyo yaliyomaliza, kama ilivyokuwa 1963. Baba wa mwenzetu mmoja, dereva wa lori, alikuwa ametoka Tabora kabla ya Pasaka, naye hajafika. Hapakuwa na habari zake. Mwenzetu alitafuta kifuniko kikubwa cha kopo, akakiita lori, akakiweka Koga kabla hata mchezo haujaanza. Kushinda hakukumshughulisha tena. Tulimwambia aruke, tutamruhusu.

"Kwani baba ataruka?" akauliza.

Akawa anangoja sita yake, siku nyingine hadi magharibi. Jioni moja mama yake alikuja kumwita. Akajibu, "Bado, mama, nimekwama." Yule mama akasimama kitambo akilitazama boksi, kisha akauliza Koga iko wapi. Tukamwonyesha. Akaketi chini, akaomba dadu. Alirusha mara nyingi, hakuna aliyehesabu zamu, mpaka sita ikatoka. Akakisogeza kifuniko kwa kidole kimoja, akamshika mwanawe mkono wakaenda kula.

Mzee alifika baada ya wiki tatu, kwa treni, bila lori, amekonda kwa homa. Alipopata nguvu alikuja chini ya mwembe. Tukamwamkia, shikamoo baba, naye akaitikia huku ameinama juu ya barabara yetu. Akasema tumekosea: kabla ya mto kuna mbuga, na mbuga ndiyo iliyommaliza, mtoni angalau unayaona maji. Akaomba mkaa, akachora nyumba tatu za mbuga kabla ya Koga.

Kuanzia siku hiyo mbio zetu zilichukua jioni mbili.