Mwethya na Hesabu ya Ujirani

Mvua ya Machakos, katika nchi ya Wakamba nchini Kenya, ambayo aghalabu huchelewa na ikija huja kwa ghadhabu, haijui mpaka wa shamba la mtu; na mwenye shamba la chini, hata akipiga matuta kwa uhodari wa namna gani, hana salama iwapo jirani yake wa juu hakupiga yake, kwani maji hutelemka yakabomoa kazi ya mwezi kwa saa moja. Basi kila mmoja alikuwa na hoja ya kukaa kitako, akingoja mwenziwe aanze.

Kadhia ya namna hii, ambayo salama ya mtu imo katika shauri la mwingine, ndiyo waliyoifanyia hesabu John von Neumann na Oskar Morgenstern katika kitabu chao cha 1944, wakaasisi nadharia ya michezo; na mwaka 1950 ukatolewa Marekani mfano wa mahabusu wawili, waliotengwa vyumba mbalimbali, ambao kila mmoja, kwa kuchelea kusalitiwa, humsaliti mwenziwe, wakaumia wote.

Huko Machakos, serikali ya kikoloni ilidhani dawa ya mmomonyoko ni amri. Mwaka 1938 ilitwaa ng'ombe wa Wakamba ili kupunguza mifugo, iliyodhaniwa kuiharibu ardhi. Nao, wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakaenda Nairobi kwa wingi, wake kwa waume, wakapiga kambi majuma kadhaa wakitaka kusikilizwa na Gavana. Muindi alikamatwa akahamishiwa Lamu, lakini serikali ililazimika kuiacha amri yake. Hata matuta ya shuruti yalichukiwa, maana watu walishuku kwamba ardhi ikishatengenea itachukuliwa na masetla.

Katika miaka ya 1950 ndipo kazi hiyo iliporudishwa kwa mwethya, ushirika wa kale wa Wakamba, chini ya viongozi waliochaguliwa na wenyewe, wengi wa wafanyakazi wakiwa wanawake: leo kwako, kesho kwangu, na asiyefika kwa wenzake asitaraji kufikiwa. Matuta yakaenea, na ijapokuwa watu wa wilaya walizidi kutoka kama 240,000 mwaka 1932 hata kukaribia 1,400,000 mwaka 1990, mmomonyoko ulipungua na mavuno kwa kila kichwa yakaongezeka.

Mahabusu wa mfano ule hukutana na shauri lao mara moja tu. Jirani wa Machakos alijua kwamba mvua itarudi, na jembe la mwenziwe atalihitaji tena.