Jongoo na Mti Wake
Mwaka 2024, Henrik Enghoff wa Copenhagen na wenzake walieleza aina tano mpya za jongoo kutoka Tanzania. Mmoja ni Lophostreptus magombera, aliyepewa jina la msitu wa Magombera, bonde la Kilombero.

Aina za jongoo hazitambuliwi kwa kuhesabu miguu. Mtaalamu humweka dume chini ya darubini, akatazama miguu ya pingili ya saba iliyogeuka kuwa viungo vya uzazi. Umbo lake ndilo kitambulisho.

Kwa miaka mingi msitu huo ulitishiwa na kilimo cha miwa. Mwaka 2019 ukatangazwa hifadhi. Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Magombera ingekuwa kinyume: kuutupa mti kungekuwa kumtupa jongoo, kabla hajapata jina.