Hospitali Iliyokuwa Ndani ya Kilima

Mtu aambiwapo atafute mahali palipokuwa na hospitali zamani, jambo la kwanza atakalolitazamia ni msingi wa jengo: mawe, sakafu, pengine kisima. Hospitali ya jeshi la Japani katika kisiwa cha Okinawa haitafutwi hivyo. Ilikuwa ndani ya ardhi, tena haikukaa mahali pamoja. Na wageni wengi wanaofika kisiwani humo kwa ajili yake huzuru mahali ilipokufa, wala si mahali ilipofanya kazi. Yafaa sisi walimu tuifuate njia yake, kwa kuwa miongoni mwa waliohudumu humo walikuwamo wanafunzi wa ualimu pamoja na waliokuwa wakiwafundisha.

Mwanzoni hospitali hiyo ilikuwa mjini Naha. Tarehe 10 Oktoba 1944 ndege za Marekani ziliushambulia mji huo, na sehemu yake kubwa ikateketea kwa moto. Hospitali ikahamishiwa Haebaru, kijiji kilicho jirani, katika majengo ya shule. Hata huko haikutulia. Mwishoni mwa Machi 1945, manowari zilipoanza kukipiga kisiwa kwa mizinga, wagonjwa na wahudumu waliingia katika mahandaki kiasi cha thelathini yaliyokuwa yamechimbwa vilimani kwa sururu na majembe. Kilima kimojawapo huitwa Kogane, maana yake dhahabu.

Usiku wa tarehe 23 Machi 1945 wasichana 222, wakiongozwa na walimu 18, walikwenda Haebaru kwa miguu. Wasichana 157 walitoka Shule ya Ualimu, na 65 walitoka Shule ya Kwanza ya Juu ya Wasichana. Siku sita baadaye, usiku vilevile, wale waliokuwa wamemaliza masomo walifanyiwa mahafali katika kibanda cha mbao, kwa mwanga wa mishumaa, huku mizinga ikinguruma. Sijui kama iko shule nyingine iliyowaaga wanafunzi wake kwa namna hiyo.

Walikuwa wameambiwa kwamba watauguza wagonjwa penye bendera ya msalaba mwekundu. Walichokikuta ni giza, joto na harufu ya vidonda vilivyooza. Kazi yao ilikuwa kushika mshumaa wakati daktari akikata mguu wa mtu, kuutoa mguu huo nje na kuuzika, kumwaga choo, kuondoa funza vidondani, na kuwazika waliokufa. Iliyokuwa ya hatari kuliko zote ni kazi ya kuteka maji na kuleta wali kutoka jikoni, kwa sababu jiko lilikuwa nje, na nje ndiko mabomu yalikoanguka. Tonge la wali alilopewa mgonjwa lilizidi kupungua kadiri siku zilivyopita.

Jeshi la Marekani lilikuwa limetua katika kisiwa kikuu tarehe 1 Aprili. Lilipokaribia, hospitali iliamriwa, tarehe 25 Mei, irudi nyuma kuelekea kusini. Waliojiweza walijikokota katika tope na mvua. Wasiojiweza waliachwa, na wengi wao walipewa maziwa yaliyotiwa sumu ya sianidi.

Huko kusini, Ihara na pande zake, palikuwa na mapango ya asili tu. Hapakuwa tena na dawa wala vyombo, na jina la hospitali lilibaki maneno matupu. Tarehe 18 Juni wasichana waliambiwa kwamba kikosi chao kimevunjwa na kila mmoja ajitafutie njia, wakati adui alikuwa amekwisha wazunguka. Kesho yake asubuhi pango la Idara ya Tatu ya Upasuaji lilishambuliwa kwa mabomu ya gesi, na watu kiasi cha themanini wakafia ndani. Kwa jumla, wanafunzi 123 na walimu 13 katika msafara ule walipoteza maisha, na wengi wao walikufa katika siku chache zilizofuata amri hiyo ya kuvunjwa.

Juu ya pango hilo la Ihara ulijengwa mnara mdogo mwaka 1946, ukaitwa Himeyuri. Jina hilo lilitokana na majarida ya shule zile mbili, Otohime na Shirayuri, yaliyounganishwa majina. Mwaka 1989 walionusurika walifungua hapo jumba la makumbusho. Ndiyo sababu mtu akiuliza hospitali ilikuwa wapi, huonyeshwa Ihara. Kuwalilia waliokufa mahali walipofia ni haki, lakini tukiishia Ihara tunapoteza miezi miwili ya Haebaru, ambayo ndiyo inayoeleza hospitali ile ilikuwa kitu gani hasa.

Kilima cha Kogane hakikuwa rahisi kusomeka. Milango ya mahandaki ilikuwa imeporomoka na miti imeota juu yake. Kuyatambua kulihitaji mambo mawili kwa pamoja, kumbukumbu za walionusurika na uchimbaji wa wataalamu wa mambo ya kale. Mji wa Haebaru uliyatangaza mahandaki hayo kuwa urithi wa utamaduni mwaka 1990, kabla ya mahali pengine popote pa vita hivyo nchini Japani kupewa heshima hiyo, na Handaki Namba 20 likafunguliwa kwa watu mwaka 2007. Urefu wake ni kama mita 70, na upana na kimo ni kama mita 1.80. Ukiondoa nafasi ya vitanda vya ghorofa mbili vilivyopangwa upande mmoja, kinachobaki ni kijia cha kupishana kwa ubavu. Nguzo zake zimeungua, na ardhini zilipatikana chupa za dawa.

Katika dari yake imechongwa herufi moja inayosomwa Kang, jina la ukoo la Kikorea. Inadhaniwa aliyeichonga alikuwa Mkorea aliyelala kitanda cha juu, naye ni mmoja wa wale walioletwa Okinawa na jeshi la Japani kutoka nchi iliyokuwa koloni lake. Yeye mwenyewe ameacha jina la ukoo tu.

Kilimani hapo hapo lipo jiwe lenye maandishi kwamba majeruhi mahututi zaidi ya 2,000 'walijiua' mahali hapo. Hesabu hiyo haina uthibitisho. Lakini mimi, mwalimu wa lugha, nasumbuliwa zaidi na kitenzi. Neno la Kijapani lililoandikwa, jiketsu, limeundwa kwa herufi mbili, ya 'nafsi' na ya 'kuamua'. Mtu asiyeweza hata kugeuka kitandani, akiletewa kikombe cha maziwa na askari wa tiba wa jeshi lake mwenyewe, ameamua nini? Wako walioyatema maziwa hayo wakaishi, nao hawakusimulia habari ya kujiua.

Mmoja wa walimu watano walionusurika alikuwa Nakasone Seizen, aliyezaliwa mwaka 1907, naye pia mwalimu wa lugha. Alijeruhiwa akiwa na wanafunzi wake. Mwaka 1951 alichapisha kitabu juu ya yaliyowapata, kutokana na masimulizi yao na yake. Kisha akarudi kwenye kazi ya lugha, akafundisha Chuo Kikuu cha Ryukyus, na mwaka 1983 akatoa kamusi ya lahaja ya Nakijin, alikozaliwa. Jumba la Himeyuri lilipofunguliwa, yeye ndiye aliyekuwa mkurugenzi wake wa kwanza. Alifariki mwaka 1995, miaka kumi na miwili kabla ya Handaki Namba 20 kufunguliwa.