Mvuke wa Olkaria: umeme safi uliozaliwa na hofu ya mafuta

Agosti 1981, wajumbe kutoka kila pembe ya dunia walikusanyika katika jumba la KICC jijini Nairobi kwa karibu wiki mbili. Mwenyeji alikuwa Rais Daniel arap Moi, na miongoni mwa wageni waliohutubia alikuwemo Waziri Mkuu wa India, Indira Gandhi. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeitisha mkutano wa nishati mpya na jadidifu: jua, upepo, maji, kuni, samadi na joto la ardhini. Wajumbe walikuwa na mfano wa kuonyeshwa, tena karibu. Katikati ya mwaka huohuo, huko Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha, mtambo wa megawati 15 ulikuwa umeanza kutoa umeme kwa mvuke uliochimbwa ardhini.

Msomaji wa leo, aliyezoea mikutano ya tabianchi isiyokwisha, angedhani watu wale walikuja kujadili joto la dunia. La. Kilichowaleta Nairobi ni bei ya mafuta. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu ziliwawekea vikwazo waliounga mkono Israel vitani, na bei ya pipa ikapanda karibu mara nne kwa miezi michache. Mwaka 1979 mapinduzi ya Iran yakatonesha kidonda kabla hakijapona. Kenya haikuwa ikichimba hata pipa moja, hivyo fedha za kahawa na chai ziliishia kulipia shehena zilizoteremshwa bandarini Mombasa.

Ugomvi wa KICC ulikuwa wa pesa. Nchi maskini zilitaka Benki ya Dunia ifungue mfuko wa pekee wa nishati, wazo lililokuwa limeanza kupikwa enzi za Rais Jimmy Carter. Lakini Januari mwaka huo Ronald Reagan alikuwa ameingia Ikulu ya Marekani, na serikali yake haikutaka kusikia habari hiyo. Mkutano ukapitisha mpango wa utekelezaji wenye jina la Nairobi na maneno mengi mazuri, bila mkoba. Miaka michache baadaye bei ya mafuta iliporomoka, na hamu ya matajiri ikaporomoka nayo. Mwaka 1986 paneli za jua ambazo Carter alizifunga kwenye paa la White House ziliteremshwa. Wanaoshangaa kwa nini mikutano ya tabianchi hukwama palepale kwenye nani alipe wangefaa kuanzia hapo.

Mvuke wenyewe ulikuwa na historia ndefu kuliko siasa hizo. Mwaka 1904, huko Larderello nchini Italia, Piero Ginori Conti aliwasha balbu chache kwa mvuke wa ardhini. Barani Afrika wengi huipa Kenya heshima ya kutangulia, lakini haki ni haki: mwaka 1952, huko Kiabukwa katika Katanga ya Kongo ya Kibelgiji, kampuni ya madini ilijengewa mtambo mdogo wa kilowati mia mbili hivi, uliotumia maji moto ya chemchemi. Mtambo huo ulikuja kuachwa, na leo hutajwa zaidi na wanajiolojia.

Olkaria ilianza kwa kushindwa. Kati ya mwaka 1956 na 1958 wahandisi wa kikoloni walitoboa visima viwili vya majaribio, X-1 na X-2. Cha pili kilifika mita 942. Joto lilikuwepo, ila mvuke haukupanda kwa nguvu ya kuzungusha chochote. Kazi ikasimamishwa. Wakati huo bwawa la Owen Falls kule Jinja lilikuwa limeshafunguliwa, na Kenya ikaona nafuu kununua umeme wa Uganda kuliko kuendelea kutumbukiza fedha shimoni.

Waliorudi Olkaria miaka ya 1970 walikuwa kampuni ya umeme ya East African Power and Lighting, wakisaidiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP. Kisima cha kwanza cha awamu hiyo, OW-1, hakikutoa mvuke wa maana. Kwa mradi wenye moyo mdogo, mambo yangeishia hapo. Kisima OW-2, kilichochimbwa upande mwingine wa eneo hilo, kilishuka zaidi ya mita 1,300 na kukuta joto la takriban nyuzi 280. Hapo ndipo biashara ilipoanza.

Namna umeme huo unavyopatikana si ya kimuujiza. Katika Bonde la Ufa tabaka la juu la dunia limenyooshwa na kupasuka, na miamba iliyoyeyuka iko karibu zaidi na uso wa nchi kuliko kwingineko. Maji ya mvua yanayopenya chini huchemka kwa joto hilo, huku mwamba mgumu wa juu ukifanya kazi ya mfuniko wa sufuria. Mchimbaji anautoboa mfuniko. Kinachopanda ni mchanganyiko wa maji moto na mvuke. Mchanganyiko huo huingizwa kwenye mitungi mirefu ya chuma inayoyatenga maji, kisha mvuke mkavu hukimbia ndani ya mabomba kuelekea kwenye turbini. Maji yaliyobaki hurudishwa ardhini kupitia visima vingine. Anayefika Olkaria huyaona mabomba hayo ya fedha yakipanda na kushuka vilima, mahali pengine yakiinuliwa juu ili twiga na pundamilia wapite chini yake, kwa kuwa sehemu ya mitambo imo ndani ya Hifadhi ya Hell's Gate. Masikioni kuna mngurumo usiokoma, na puani harufu ya yai bovu, dalili ya gesi ya salfa. Usafi wa umeme huu, kwa hiyo, ni wa kulinganisha: hewa ukaa hutoka pia, ila ni kidogo mno ukiipima na ya makaa ya mawe au dizeli.

Mitambo mitatu ya kwanza, iliyotengenezwa Japani na Mitsubishi, ilikamilika mwaka 1985. Jumla yake ilikuwa megawati 45. Kisha usingizi.

Kwa karibu miaka kumi na minane serikali haikuongeza mtambo mwingine Olkaria. Sababu moja ilikuwa mabwawa. Mto Tana ulikuwa umefungwa hatua kwa hatua, Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga, Kiambere, na umeme wa maji ulionekana ndio mkombozi. Sababu ya pili ilikuwa siasa: katika miaka ya 1990 wafadhili walikaza mkono wakidai mageuzi ya kisiasa na kiuchumi, na miradi ya umeme ikabaki kwenye makabati.

Kilichoiamsha Olkaria hakikuwa Mkataba wa Rio wa 1992 wala Itifaki ya Kyoto ya 1997. Ni ukame. Mvua ziliposhindwa mwaka 1999 na 2000, mabwawa ya Tana yalikauka na nchi ikaingia kwenye mgao wa stima wa saa nyingi kwa siku. Viwanda vilifunga milango, na serikali ikakodi majenereta ya dizeli kwa bei ya kuumiza. Olkaria II ilifunguliwa mwaka 2003. Mwaka 2009 ukame ukarudi, maji ya Masinga yakapungua hadi mitambo yake ikazimwa, mgao ukarudi. Safari hii serikali ilikuwa imeshapata somo: mwishoni mwa 2008 ilikuwa imeunda kampuni ya GDC, kazi yake kuchimba visima kwa fedha za umma. Uamuzi huo haupigiwi makofi sana, na nadhani ndio muhimu kuliko yote. Kisima kimoja hugharimu mamilioni ya dola na huenda kikatoka kikavu. Mwekezaji binafsi hupenda kuja mvuke ukishaonekana. Serikali ilikubali kubeba hasara ya mwanzo.

Kuanzia 2014 mambo yalikwenda mbio. Olkaria IV ilifunguliwa ikiwa na megawati 140, zikafuata nyingine kama hizo Olkaria I, kisha Olkaria V mwaka 2019. Leo joto la ardhini hutoa karibu nusu ya umeme wa Kenya, na ukijumlisha maji, upepo na jua, sehemu ya nishati jadidifu inakaribia asilimia 90. Hata hivyo lengo lililotangazwa lilikuwa megawati 5,000 za jotoardhi ifikapo 2030, na zilizopo hazijafika 1,000.

Kuna waliolipa gharama ambayo haionekani kwenye bili. Wamaasai walikwishaondolewa maeneo ya Naivasha kwa mkataba wa 1904 na Waingereza, ili walowezi wapate malisho. Waliosalia au kurudi walijikuta tena njiani Olkaria IV ilipokuja. Mwaka 2014 takriban familia 150 zilihamishiwa kijiji kipya kilichopewa jina la RAPland, kifupi cha mpango wa uhamisho wenyewe. Nyumba za mawe zilikuwepo, na shule pia, lakini malalamiko yalikuja upesi: ardhi yenye makorongo, barabara mbaya, umbali na watalii waliokuwa wakinunua shanga zao. Walipeleka shauri kwa Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, wafadhili wa mradi. Jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia lilikuta kwamba benki haikufuata kanuni zake yenyewe kuhusu jamii za asili, na usuluhishi ukazaa makubaliano mwaka 2016. Umeme safi kwa Nairobi ulikuwa umepitia mgogoro uleule wa ardhi ambao Kenya inaujua tangu ukoloni.

Wakati huohuo serikali iliyokuwa ikijisifu kwa mvuke ilitaka makaa ya mawe. Mpango wa 2013 wa kuongeza megawati 5,000 kwa miezi 40 ulijumuisha kituo cha megawati 1,050 huko Kwasasi, Lamu, kilomita ishirini na kidogo kutoka mji mkongwe ambao UNESCO iliuorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2001. Wavuvi na wakazi chini ya Save Lamu walipinga: maji moto yangemwagwa baharini kwenye mazalia ya samaki, na majivu yangepeperushwa na kaskazi. Juni 2019 mahakama maalumu ya mazingira ilifuta kibali cha mradi, hasa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ajabu ni kwamba nchi haikuuhitaji umeme huo. Mahitaji hayakukua kwa kasi iliyotabiriwa.

Septemba 2023, KICC ilijaa tena kwa Mkutano wa Tabianchi wa Afrika. Rais William Ruto alifika akiendesha mwenyewe gari dogo la umeme la manjano, siku chache baada ya stima kupotea nchi nzima na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kuachwa gizani. Falme za Kiarabu, zinazoishi kwa mafuta, ziliahidi dola bilioni 4.5 kwa nishati safi Afrika. Azimio la Nairobi lilidai ushuru wa kaboni duniani na mageuzi ya mikopo. Nje, wanaharakati walipinga biashara ya kaboni wakisema inawapa wachafuzi ruhusa ya kununua toba. Bara zima linatoa chini ya asilimia 4 ya gesi joto, na swali la 1981 lilikuwa bado mezani.

Huko Olkaria kuna tatizo ambalo wachimbaji wa 1956 wasingeliamini. Usiku wa manane watu wakilala, matumizi hushuka mno kiasi kwamba mvuke mwingine huachwa uende zake angani. Mei 2024 Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi zilitangaza nia ya kujenga Olkaria kituo cha data cha dola bilioni 1, kikianza na megawati 100, zaidi ya mara mbili ya mitambo mitatu ya kwanza kwa pamoja. Viwanda vya eneo maalumu la kiuchumi la Naivasha navyo vimeahidiwa umeme wa bei nafuu kutoka kwenye visima hivyohivyo. Kwa mwenye nyumba wa Kayole au Kisumu anayenunua tokeni za shilingi mia zinazoisha kabla ya wiki, na ambaye bado anapikia makaa, mjadala wa nani atangulie kwenye foleni ndiyo kwanza umeanza, na tayari bei ya umeme ni hoja ya kila uchaguzi.