Shanga za Murano kwenye Njia ya Mwatate

Misafara iliyotoka Mombasa kwenda Umasaini haikuwa na njia nyingi za kuchagua. Ikishavuka nyika ya Taru, ilitafuta maji Maungu, ikapumzika Ndara, kisha ikaingia kwetu, kwenye mto wa Mwatate, kabla ya kupita Bura na kuikabili nyika nyingine mpaka Taveta. Kwa Wataita wapagazi walitua mizigo wakanunua mahindi, maharagwe na miwa. Malipo yalikuwa nguo, waya na shanga.

Shanga hizo ndizo zilizonipeleka Murano. Boti ya abiria hutoka Venice kwenye gati la Fondamente Nove, hupita San Michele, kisiwa cha makaburi, na baada ya dakika kumi hivi umefika. Matanuri ya kioo yalihamishiwa huko mwaka 1291, watawala wakihofia moto mjini. Wageni wengi huenda kumtazama fundi akiunda farasi wa kioo. Mimi nilitaka shanga ndogo, zile nyekundu zenye moyo mweupe, kama alizokuwa nazo nyanya yangu. Ukizielekeza juani, weupe unauona tunduni. Wafanyabiashara wa Zanzibar waliziita samesame, na zilikuwa miongoni mwa shanga za bei kubwa kabisa.

Zilivyotengenezwa inafaa kueleza. Fundi alichota kioo kilichoyeyuka, akakiacha na uwazi katikati, kisha wanaume wawili wakakishika huku na huku na kukimbia wakiachana, kioo kikirefuka kuwa mrija mwembamba wa makumi ya mita. Mrija ulikatwa vipande vidogo sana, vikachanganywa na unga wa mkaa na chokaa ili tundu lisizibe, vikazungushwa motoni mpaka makali yakaisha. Kutunga ilikuwa kazi ya wanawake wa Venice: bakuli la mbao mapajani, sindano ndefu nyingi mkononi kwa mpigo, na ujira mdogo.

Sikubaliani kabisa na wanaosema wazee wetu walihadaiwa kwa vipande vya kioo. Rangi iliyopendwa mlima mmoja ilikataliwa mlima wa pili, na msafara uliobeba isiyotakiwa ulishinda njaa huku mzigo uko begani. Joseph Thomson, aliyepita Taita mwaka 1883, ilibidi akae Taveta wakati watu wake wakitunga upya maelfu ya nyuzi za shanga kwa urefu walioutaka Wamasai. Wanawake wa Kitaita walivaa shanga nzito shingoni na kiunoni, na walijua wanachotaka. Mama aliyetikisa kichwa mbele ya mpagazi aliuanza ujumbe uliofika pwani, ukavuka Zanzibar, na ukaishia kwenye oda za wenye matanuri Ulaya. Kwa hiyo historia ya Murano ikiandikwa kwa majina ya mafundi wake peke yao, imepungukiwa na wateja walioamua nini kitengenezwe.

Reli ya Uganda ilipofika Voi mwishoni mwa karne ya 19, misafara ikafifia. Mwaka 1915, vita vikiendelea, Waingereza walianza kujenga reli nyingine kutoka Voi kuelekea Taveta, nayo ikapita Mwatate. Rupia zilikuwa zimeshaingia. Siku hizi shanga nyingi zinazotungwa Kenya hutoka Jamhuri ya Czech na China, na wauzaji huagiza kwa kufuata rangi wanazozitaja wanawake wanaotunga.