Gamba si Mwenye Gamba

Nilipokuwa darasa la tano nilianzisha nadharia. Kwetu Kalinzi, huku juu milimani kwenye migomba na kahawa, lori lilileta mchanga wa kujengea nyumba ya mjomba. Ndani ya mchanga ule nikaokota magamba ya konokono: magumu, mazito, yana matuta, meupe kama chumvi. Nikakimbia kwa babu kumtangazia kwamba zamani Ziwa Tanganyika lilifika hadi Kalinzi. Babu akayageuzageuza kiganjani, akacheka mpaka akakohoa.

"Mjukuu wangu, dereva wa lori umemuuliza?"

Ndugu msomaji, na wewe usinicheke. Kosa kama langu walishalifanya wakubwa, tena wasomi wa London, na juu ya magamba hayohayo.

Mwezi Februari 1858 Burton na Speke waliingia Ujiji. Burton alikuwa mgonjwa hoi, Speke macho yamemwingia kiza. Hata hivyo katika mizigo yao ya kurudi mlikuwamo magamba yaliyookotwa ufukweni. Mwaka 1859 bwana mmoja wa London, S. P. Woodward, akayaeleza na kuyapa majina. Kombe mmoja akapewa jina la Burton, mwingine la Speke. Konokono mmoja akaitwa nassa, jina ambalo tayari lilikuwa la konokono wa baharini.

Hapo ndipo fumbo lilipoanzia. Konokono wa maji baridi kwa kawaida ana gamba jembamba lisilo na mapambo, ukilibana kwa vidole linapasuka. Hawa wa Tanganyika wana magamba mazito yenye mbavu na vinundu, na mmoja, Tiphobia, ana miiba mirefu. Ukiwachanganya na wa Bahari ya Hindi, mgeni hatawatenga. Halafu mwaka 1883 msafiri Mjerumani, Richard Böhm, akaona yavuyavu katika ziwa hili. Yavuyavu, mnyama tuliyezoea kusikia habari zake kutoka baharini! Anafanya nini Kigoma?

Akaja J. E. S. Moore, Mwingereza kijana. Safari yake ya kwanza ilianza mwaka 1895, ya pili mwaka 1899. Alivua konokono kutoka kina kirefu, akawapasua na kuwachunguza. Kisha akachukua magamba yao akayaweka ubavuni mwa visukuku, yaani magamba ya kale yaliyogeuka mawe, kutoka bahari za kipindi cha Jurasi huko Ulaya. Paramelania wa Tanganyika akamlinganisha na Purpurina wa kwenye mawe, Bathanalia akamlinganisha na Amberleya. Wakafanana kama pacha. Mwaka 1903 akatoa kitabu kizima kuhusu tatizo hilo la Tanganyika. Hoja yake: zamani sana bahari iliingia mpaka katikati ya Afrika, kisha ikajitenga, na wanyama wake wakabaki humu kama wafungwa. Kwa maneno mengine, konokono wa Ujiji ni wenzao wa mijusi mikubwa ya Tendaguru kule Lindi, waliokufa miaka kama milioni 150 iliyopita.

Nadharia tamu! Ilikuwa na kasoro ileile ya kwangu: dereva wa lori hakuulizwa. Kama bahari ilipita hapa, iko wapi miamba iliyoachwa na bahari hiyo? Haikuonekana. William Cunnington alikuja na safari nyingine mwaka 1904, na baadaye akaikataa hoja ya Moore. Leo wanajiolojia wanakadiria kwamba sehemu ya kati ya ziwa ina umri wa miaka milioni 9 hadi 12. Jurasi iliisha miaka kama milioni 145 iliyopita. Mtoto hawezi kumzaa babu yake.

Sasa ule mfanano ulitoka wapi? Sehemu ya jibu ni kaa. Mwaka 1991 Kelly West na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya kaa na konokono wa Tanganyika. Kaa wa humu ana magando makubwa ya kuvunjia, na konokono wa humu wana magamba magumu kuyavunja kuliko jamaa zao wa maziwa mengine. Mengi yana makovu: kaa alibana akashindwa, mwenyewe akaziba ufa akaendelea na maisha. Baharini nako kaa wapo tangu zamani, na kule konokono wamepita njia hiyohiyo. Adui wa aina moja amewajengesha nyumba za aina moja, bila undugu wa karibu.

Mwaka 2004 Wilson, Glaubrecht na Meyer walikwenda kwenye vinasaba, yaani urithi ulioandikwa ndani ya mwili. Wakakuta konokono hawa ni wa ukoo wa maji baridi wa Afrika, na kwamba baadhi ya matawi ya ukoo huo ni ya kale kuliko ziwa lenyewe. Kwa hiyo Moore hakukosea kila kitu. Uzee upo. Bahari ndiyo haipo.

Utasema: hao wapo hai, wanaulizika. Aliyebaki gamba tu je? Wapo wanyama waitwao haiolithi, walioishi baharini kuanzia zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Wameacha vigamba kama pembe ya kuviringishia karanga, vyenye kifuniko. Wataalamu waligombana zaidi ya karne nzima: wengine wakasema ni jamaa wa konokono, wengine wakasema ni ukoo wa peke yao. Mwaka 2017 Joseph Moysiuk, mwanafunzi wa shahada ya kwanza kule Toronto, pamoja na wenzake, walipitia visukuku zaidi ya 1,500. Katika vichache, alama za sehemu laini zilikuwa zimebaki kwenye jiwe, pamoja na minyiri ya kulia chakula. Wakawahamishia upande wa brakiopodi, wanyama wenye magamba mawili ambao si konokono wala chaza. Wapo wanaowabishia hata baada ya hapo. Sawa. Ila ona walichokitafuta: mwenye nyumba.

Nayasema haya nikiwa na dukuduku. Kuna siku nilikwenda ofisi moja mjini kuomba karatasi. Mtumishi akanitazama usoni, akasikia ninavyotamka, akaweka kalamu chini. "Kalinzi? Wewe si Mrundi wewe?" Nikarudishwa mara tatu, kila mara nilete ushahidi wa alikozaliwa babu. Babu yule yule wa magamba, kaburi lake liko nyuma ya nyumba ya mjomba.

Mrundi si tusi. Kiha na Kirundi ni ndugu kweli, nami nikivuka mpaka nasikilizana na watu bila mkalimani. Mtumishi hakuzua mfanano, kama Moore asivyouzua. Alichofanya ni kuusikia mfanano akaugeuza hati ya kuzaliwa. Tofauti ni kwamba konokono hakupoteza chochote Moore alipokosea. Mimi nilipoteza nafasi ya masomo niliyokuwa naombea karatasi ile.

Wewe unayeandika, ukitaka kumweka mtu kwenye hadithi yako kwa lafudhi yake na sura yake, kwanza fanya alichoniambia babu. Muulize dereva. Na ukifika Ujiji, inama uokote gamba moja. Litazame ukingoni, huenda utaona kovu la kaa.